Kurasa Kumi za Mpwa Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo huwa na maana kwamba wanapenda familia zao; mimi nina maana kwamba sitoki. Safari yangu ndefu ya mwaka jana ilikuwa kwenda Yiti, ufukweni nje kidogo ya Maskati, kula samaki wa kuchoma, na hata samaki hajageuzwa upande wa pili nilikuwa nshaanza kuulizia tunarudi lini. Pasi yangu ya kusafiria ilikwisha muda wake zamani, picha iliyomo ina nywele. Basi nikikwambieni kwamba nimefanya kazi ya chuo kimoja cha Marekani, nimekaa hapa Ghubra, Maskati, kwenye meza ya chakula, na fulana ya singlendi na kikoi, naomba msicheke mapema. Pa kucheka pako mbele.

Chuo chenyewe ni cha mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, akalelewa humu ndani na mama yangu, yaani bibi yake, na kwa kiasi fulani na mimi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfundisha hesabu, mpaka alipofika darasa nililoishia. Hapo tukawa tunatazamana. Mimi nilimaliza sekondari, khalas. Yeye akaendelea, akavuka bahari, akarudi ni daktari. Mama aliposikia daktari akatoa mguu ili utazamwe, ikabidi aelezwe kwamba huyu ni daktari wa maji: anachukua maji ya kisima anatazama yana nini ndani, chumvi gani, sumu gani, na watu wanayanywa au wayaache.

Anafundisha huko kusini mwa Marekani, katika chuo cha watu Weusi. Mara ya kwanza kusikia nilidhani ni namna ya kusema tu. Akanifahamisha kwamba zamani kule Mweusi hapokelewi katika vyuo vya Wazungu, wakajijengea vyao wenyewe, na vyuo hivyo vipo mpaka leo. Vinasomesha watu wa kila rangi, vimetoa mahakimu na wahandisi, lakini vingi ni vidogo, na maabara walizojengewa wengine, wao hawakujengewa.

Mwaka huu mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Mpwa wangu akaomba ruhusa afanyie kazi huku muhula mmoja, akaja na mabegi mawili, moja la nguo na moja la karatasi. Meza ya chakula akaitwaa siku hiyo hiyo. Akavuta waya mrefu wa umeme kutoka ukutani, ukapita katikati ya ukumbi kama mpaka wa nchi mbili, na sisi tukarudi kula chini mkekani, ambako kwa kweli ndiko tulikokuwa tukila siku zote. Meza ile ilikuwa ya wageni.

Chuoni kwao alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza kufundisha. Ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha raha, ilikuwa ofisi ya utafiti. Nikisema ofisi msione majumba. Ilikuwa chumba kilichokuwa kikiwekwa mafagio, na wafanyakazi wawili: yeye na mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa huko, aliyeanza kufanya kazi chuoni hapo kabla mpwa wangu hajazaliwa. Mimi huyu mama nilimjua kuanzia shingo kwenda juu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa akionekana kwenye kompyuta kila siku baada ya sala ya alasiri, kwao ikiwa asubuhi. Nilikuwa nakaa pembeni, kioo kisinipate, kwa ajili ya ile singlendi.

Kazi ya ofisi ile ilikuwa kukifanya chuo kiweze kuomba mikataba ya serikali kuu. Serikali yao inapotaka utafiti fulani ufanywe, hutangaza, na vyuo na makampuni huomba, kama zabuni za kwetu. Chuo kikubwa cha jirani ndicho kilichokuwa kikipata siku zote. Kikishapata kinawagaia hawa kipande: nyinyi nendeni mkachukue maji, sisi tutaandika ripoti. Wanafunzi wa mpwa wangu wanaingia matopeni na chupa zao, na ripoti inatoka ina jina la jirani.

"Kama umepika pilau ya harusi, mjomba," aliniambia, "kisha unaambiwa ukale jikoni."

Safari hii walitaka kuomba wenyewe, kwa jina lao, jirani asiwemo au akiwemo awe chini yao. Na walikuwa hawana nafasi ya kujaribu mara nyingi. Wakubwa wa chuo walishawaambia kwamba ofisi ikimaliza mwaka wa masomo bila mkataba wake mwenyewe hata mmoja, itafungwa, na mafagio yatarudi kwao. Mpwa wangu alikuwa na mahali pa kwenda. Hapa hapa Maskati kulikuwa na watu wa maji waliokuwa wakimtaka, wameshamwonyesha mpaka kiti atakachokalia. Akatwambia siku ya tatu ya kuja kwake, tunakunywa kahawa: ikifungwa ile ofisi, sina sababu ya kukaa kule, nnarudi nyumbani.

Mama akainua mikono akaomba dua kwa siri. Sijui aliiombea ofisi ifunguke au ifungwe, na sikumuuliza. Mimi nikainuka. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe visafi.

Sasa, mtasema, mtu wa sekondari anaingiaje hapo. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka yangu yote ya kazi kwenye dirisha la kupokelea zabuni katika idara moja ya serikali. Nilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu mmoja kwa mkubwa wangu, na saa ya ukutani. Saa ikifika, sanduku limefungwa, hata aje nani na bahasha inavuja jasho. Nyumbani walikuwa wakinitania kwamba kazi yangu ni kutazama saa. Ilikuwa kweli, ila nilikuwa natazama na karatasi pia: huyu hakutia saini, huyu leseni yake imekwisha, huyu kaandika kurasa arubaini alipoambiwa thelathini. Walioanguka kwa kutojua kazi walikuwa wachache. Wengi waliangushwa na karatasi.

Mpwa wangu akakumbuka hayo. Akaniwekea mbele yangu maelekezo ya ombi lile, furushi zima, akasema, "We ulikuwa unazipokea. Hebu zisome kama mtu anayetafuta sababu ya kuzitupa."

Mtu hakupata kuniomba kitu nilichokiweza zaidi. Nilivaa miwani miwili kwa zamu. Nikagundua kwamba uandikishaji wa chuo katika daftari la serikali ungekwisha muda wake wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, na bila uandikishaji ombi halifunguliwi hata kidogo. Mama wa ofisi alipoambiwa alishika kichwa, kumbe walishajaribu mwaka juzi, na hicho ndicho kilichowaangusha. Nikaona fomu moja inataka saini ya mkuu wa chuo mwenyewe, wao wametia ya msaidizi. Nikaona herufi zao ni ndogo kuliko zilizoruhusiwa. Nilivimba siku hizo mpaka mama akaniambia nipite mlangoni kwa ubavu.

Kisha ikaja sehemu iliyotakiwa isizidi kurasa kumi, na mpwa wangu alikuwa na kumi na mbili. Ilikuwa sehemu ya kueleza mmekwisha kufanya nini mpaka hapa, ili serikali ijue inampa kazi nani. Siku hizo alikuwa kabanwa: asubuhi anampeleka bibi yake kufanyishwa mazoezi ya mguu, jioni anafundisha kwenye kompyuta. Akanipa karatasi na kalamu nyekundu. Punguza mbili, mjomba, nakuamini.

Hapa ndipo pa kucheka.

Inafaa mjue nyumba yetu ilivyo. Kwetu mtu hajisifu. Kidogo ni adabu, kidogo ni kuogopa jicho. Mgeni akisifu mapazia, mama husema "Ah, ya zamani hayo," na fundi kayaleta juzi. Baba yangu, Mungu amrehemu, nyumba hii aliisimamia tofali kwa tofali, na kila aliyeingia aliambiwa karibu kibandani. Hatuoni kama tunasema uongo. Tunaona tumevaa nguo.

Basi nikaanza kupitisha kalamu. Palipoandikwa kwamba maabara yao waliijenga wenyewe kwa mashine iliyotupwa na hospitali, nikafuta. Nani anatangaza kwamba kaokota. Palipoandikwa kwamba kwa miaka yote hawakupoteza hata chupa moja ya maji wala kuchelewesha majibu, nikafuta. Huko ni kumchokoza Mola. Palipoelezwa jinsi watu wa kijiji fulani walivyoacha kunywa kisima kibaya kwa sababu ya vipimo vyao, nikaona hii imezidi, nikafuta yote. Nikabakisha zile aya za kukishukuru chuo cha jirani kwa msaada wake mkubwa, kwa sababu zilikuwa na adabu nzuri. Kurasa kumi barabara. Na mpwa wangu, mtoto aliyelelewa chini ya mapazia yale yale, akazisoma mwanzo mpaka mwisho akasema zimekaa vizuri. Akazituma.

Siku ya pili baada ya alasiri mama wa ofisi akatokea kwenye kompyuta, na hakusalimia kama kawaida yake, ambayo ilikuwa kuulizia nyonga ya bibi. Alikuwa na karatasi mkononi. Akazisoma chache kwa sauti, polepole, bila hasira. Kisha akavua miwani. Kiingereza changu ni cha sekondari, lakini alichosema nilikielewa chote.

"Nimeimaliza nguvu yangu mahali hapa. Nimesoma kurasa kumi, sikujiona."

Mpwa wangu akamwambia kosa ni lake, kazifupisha vibaya, anaomba radhi, atazirudia. Hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. Mimi nipo pale, hatua mbili kutoka kwake, na kalamu nyekundu iko nyuma ya sikio langu. Afadhali angenisema.

Jioni ile sikula. Nilimkumbuka fundi mmoja wa mtaa wa Wadi Kabir aliyekuwa akija dirishani kwangu. Alikuwa fundi wa pampu za maji, na kila mtu alijua kwamba pampu ikishindikana hupelekwa kwake. Miaka mitatu mfululizo alileta bahasha ya zabuni ya kutengeneza pampu za idara, na kila mwaka ndani mlikuwa na ukurasa mmoja tu: kazi ninaijua, njooni gereji muone. Miaka mitatu aliangushwa. Mwaka wa nne hakuja. Ningeweza kumwambia, andika ulizotengeneza, taja za nani na zimedumu muda gani. Sheria haikunikataza kumwambia. Nilikuwa natazama saa.

Lakini lililonikosesha chakula hasa halikuwa hilo. Nilikuwa najiuliza kalamu ile ilikwenda kwa adabu peke yake, au mkono ulikuwa unajua kwamba zikiwa mbovu kurasa hizi, mtoto huyu atabaki nyumbani.

Nikamfuata jikoni, anamkorogea bibi yake uji. Nikamwambia yote, na hilo la mwisho pia. Akaendelea kukoroga, nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia.

"Mjomba," akasema, "we huna ujanja huo. Ungekuwa nao, ungeshanunua singlendi nyingine."

Kisha akaacha mwiko, akanilazia kichwa begani kama zamani hesabu zilipokuwa zikimshinda, na uji ukashika chini.

Harufu ya uji ndiyo iliyomleta mama, kakamata kile kichuma chake cha kutembelea, anataka kujua tunanong'ona nini. Tukamwambia. Nilidhani atasimama upande wangu, maana adabu hiyo nimejifunza kwake. Akakaa kitini akatutazama kwa zamu.

Akamuuliza mpwa wangu kama anajua kwa nini mjomba wake hakuoa. Mimi nikasema hayo hayahusiani. Mama akasema yanahusiana sana. Walikwenda kumposa mtoto wa watu, baba na wazee wawili, na upande wa pili wakauliza kijana anafanya kazi gani. Baba, kwa adabu yake, akajibu: ah, kazi ndogo tu, anapokea bahasha. Wakauliza tabia yake. Baba akasema, hivyo hivyo, kama watoto wa siku hizi. Yule binti akaolewa na mwingine.

"Mtu hajisemei, nnajua," mama akasema. "Husemewa. Lakini yule wa kukusemea na yeye akinyamaza, ndo unabaki ndani na singlendi, kama huyu."

Sikuwa nimepata kuisikia habari hiyo mpaka siku ile. Nilikuwa nimeambiwa nyota hazikuafikiana.

Shauri likatoka hapo, na lilikuwa la mama: wasijiandikie. Kila mmoja amsemee mwenzake, kama wanaokwenda posa, na mimi niwe karani. Kesho yake mpwa wangu akamweleza mama wa ofisi. Yule mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku, akasema kwao hilo ni jambo la kanisani, mtu husimama akamshuhudia mwenzake, na alikuwa tayari.

Mpwa wangu akaanza. Akasema jinsi mama huyu alivyoziweka taarifa za kila kisima tangu zama za kalamu na daftari, kwa hivyo leo ukitaka kujua maji ya kijiji yalikuwaje kabla kiwanda hakijaja, hapana mwingine wa kumuuliza. Mimi naandika. Yule mama akawa anatazama chini.

Zamu ikageuka. Yule mama akasema kwa muda mrefu, na mama yangu, aliyekuwa kakaa pale na shali yake kama mshenga, akamtaka mjukuu amtafsirie.

"Anasema nnajitahidi kidogo," akasema mpwa wangu.

"Maneno yote yale ndo kidogo?" mama akauliza. Akanigeukia mimi. "We ulisoma sekondari. Tafsiri."

Nikasoma nilichoandika, kwa Kiswahili. Kwamba ile mashine ya hospitali kila mtu alisema imekufa, na binti huyu akaifungua akaitandaza sakafuni na wanafunzi wake, wakaifufua, na ndani yake wakajifunza kazi. Kwamba vipimo vya kisima cha shule moja vilipotoka vibaya, hakungoja ripoti ya jirani iandikwe. Alipanda gari akaenda mwenyewe, akasimama mbele ya mwalimu mkuu mpaka mabomba yakafungwa. Kwamba wanafunzi watatu waliopita mikononi mwake sasa wana maabara zao. Mpwa wangu alikuwa kajifunika uso na mtandio wote, imebaki pua.

Mama hakusema mashallah. Akanyoosha mkono akautafuta wa mjukuu wake juu ya meza ile ya wageni.

"Mama yako angekaa hapa," akasema, "akasikia haya."

Tulifanya hivyo jioni nne. Zile shukrani za chuo cha jirani tukazifanya mstari mmoja. Kurasa zikawa kumi kamili, kwa herufi zilizoruhusiwa, na safari hii kalamu ilikaa kwa mama. Ombi lilikwenda siku moja kabla ya mwisho, jioni kwetu, asubuhi kwao, na jibu la kupokelewa likarudi hapo hapo. Niliitazama saa ya ukutani kwa mazoea. Nilisikia kama sanduku linafungwa, lakini safari hii nilikuwa ndani ya bahasha.

Muhula ukaisha, nyonga ya mama ikapona kiasi cha kumwezesha kutugombeza amesimama, na mpwa wangu akarudi. Kwenye uwanja wa ndege sikwenda, mnanijua. Niliagana naye getini, nikambebea lile begi la karatasi mpaka kwenye gari, na lilikuwa limepungua uzito kuliko nilivyopenda.

Habari zilikuja miezi baadaye, nasi tumekaa mkekani. Wamepewa. Si yote waliyoomba. Wilaya mbili kati ya tano, na kwa mwaka mmoja kwanza, watazamwe. Lakini ni kwa jina lao, na ofisi inabaki. Akanionyesha kwenye simu mlango wa chumba cha mafagio, umepakwa rangi, na mama wa ofisi kasimama mbele yake. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza kuanzia shingo kwenda chini. Ni mfupi.

Mama akapiga kigelegele cha kizee, kisha akalia kidogo. Nikampongeza mtoto kwa maneno yote niliyonayo ya Kiarabu na ya Kiswahili. Hatorudi, angalau si sasa. Nikasema naja, nikaenda jikoni, nikaosha vikombe. Mpwa wangu akaniuliza kutoka kwenye simu kama ni vichafu. Nikasema ndiyo.

Ule waya bado umepita katikati ya ukumbi. Mama hataki uondolewe, ingawa ndiye anayejikwaa nao. Na una kazi: idara nyingine ya chuo imesikia, nayo inataka kuomba, na wiki iliyopita zimekuja kurasa kumi na nne za kufanywa kumi. Nimekaa mezani, nimenunua singlendi mpya. Ninachotaka kufuta, sharti nimsomee mama kwanza.

"Umefuta nini hapo?" ananiuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Kitu kidogo tu, mama."

"Kisome."